Mohammed Asiyesema na Bilal Aliyeadhini



Swali ambalo wazazi hawachoki kutuuliza katika safu hii ni moja: watoto wetu watazame filamu gani, na zipi tuwakataze? Aghalabu jibu linalotarajiwa ni orodha: hii ina nguo fupi, ile ina matusi, hii ina ulevi. Orodha ya namna hiyo ina faida yake, nasi hatuidharau. Lakini iko kasoro moja ya filamu ambayo haimo katika mavazi wala katika matusi, na ambayo mzazi mcha Mungu anaweza kuiacha iingie nyumbani kwake bila kuishuku hata kidogo. Kasoro hiyo ni ya nani amepewa kusema na nani amenyimwa. Juma hili tunakusudia kuieleza kwa kuzipima filamu mbili zilizotoka mwaka mmoja, 1976. Moja imetukera, nyingine tumeipenda.

Sisi si wahakiki wa kusomea, wala si wanachuoni wa kutoa fatwa. Wako masheikh wanaokataza maigizo yote, wako wanaoyaruhusu kwa masharti, na kila familia inao mwanachuoni wake wa kumwendea. Sisi ni watazamaji tu wa huku Maparoni, katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Filamu hutufikia kwa boti pamoja na sukari na sabuni, zikiwa ndani ya simu au flashi, nasi huzitazama kwa umeme wa jua baada ya swala ya Isha. Twaitaja hali hiyo kwa sababu filamu ya kwanza inahusu hapa hapa tunapoishi.

Filamu hiyo inaitwa Shout at the Devil, jina ambalo kwa kukadiria maana yake ni "Mpigie Kelele Shetani". Iliongozwa na Mwingereza Peter Hunt kutokana na riwaya ya Wilbur Smith, na waigizaji wake wakuu ni Lee Marvin na Roger Moore, yule aliyejulikana dunia nzima kwa kuigiza jasusi James Bond. Kisa chake kimejengwa juu ya tukio lililotokea katika vijito vyetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya kuihukumu filamu, hebu tulikumbuke tukio lenyewe.

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga Zanzibar, ikaishambulia na kuizamisha. Watu wa pwani walikwisha kuipa meli ile ya Kijerumani jina lao wenyewe, Manowari ya Bomba Tatu, kwa sababu ya dohani zake tatu. Baada ya shambulio hilo ikarudi kujificha ndani ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Waingereza wakaja wakaiziba milango ya mto kwa miezi mingi. Mitambo yake iliyoharibika ilisafirishwa nchi kavu hadi Dar es Salaam ikatengenezwe, kisha ikarudishwa, na nguvu iliyofanya kazi hiyo ilikuwa mikono na mabega ya maelfu ya watu weusi.

Hatimaye Waingereza walileta meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo awali ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, pamoja na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ili kuwaonesha wapiga mizinga pa kulenga. Walijaribu tarehe 6 Julai 1915 wakashindwa. Wakarudi tarehe 11 Julai, na siku hiyo Königsberg ikaangamia, nahodha wake Max Looff akiamuru ilipuliwe isije ikatwaliwa. Mizinga yake kumi iling'olewa ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja umewekwa leo Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria, Afrika Kusini. Kila ulikokokotwa, waliokuwa mbele ya kamba walikuwa ni wazee wetu. Vita hivyo vilikula wapagazi kwa maelfu, na jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Basi hilo ndilo tukio. Mtu angedhani kwamba filamu inayolisimulia, hata ikiwa ya Wazungu na kwa ajili ya Wazungu, ingelazimika angalau kumgusa mtu wa Rufiji. Meli imefichwa kwake, mto ni wake, njia za maji anazijua yeye, na mzigo umebebwa na yeye.

Filamu imebadili jina la meli ikaiita Blücher. Imeanzia Zanzibar mwaka 1913, ambako mlevi mmoja jangili wa pembe za ndovu, Flynn O'Flynn, anamtega kijana Mwingereza, Sebastian Oldsmith, amfuate katika ujangili ndani ya himaya ya Wajerumani. Adui yao ni mtawala wa Kijerumani aitwaye Fleischer. Nusu ya kwanza ni vichekesho vya ulevi na mbio. Kisha nyumba ya Sebastian inachomwa moto na mtoto wake mchanga anauawa, na vichekesho vinageuka kisasi. Mwishoni wanaitafuta manowari mtoni na kuilipua kwa bomu. Historia halisi ya meli zilizoundwa kwa ajili ya Brazil na ndege za Mafia, ambayo kwa maoni yetu inashangaza kuliko kisa cha kubuni, imewekwa kando.

Tutende haki. Filamu hii si ya kizembe. Picha za bahari zinapendeza, mapigano yamepangwa kwa ustadi, na yule mama anapoikuta nyumba yake imeteketea, mtazamaji anahuzunika hata kama hapendi wahusika wake. Wala hatumlaumu mtunzi kwa kubuni. Mtunzi ana haki ya kubuni. Lawama yetu ni tatu, na zinapanda daraja kwa daraja.

Ya kwanza ni ndogo: delta iliyomo humo si delta. Picha zilipigwa Malta na Port St Johns, Afrika Kusini, wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi. Port St Johns ni mahali pazuri, penye milima inayoshuka hadi mtoni. Lakini hapa kwetu nchi ni bapa kama mkeka. Hakuna mlima wa kumwambia mtu amefika wapi. Ubapa huo ndio ulioificha manowari: kijito kimoja kinafanana na kingine, maji yanaingia na kutoka, na aliyepita asubuhi wakati wa maji makubwa hukuta jioni tope tupu. Anayeijua nchi hii ni aliyekulia ndani yake. Ukiuweka mlima katika delta, unamwondolea mwenyeji ujuzi wake, kwa kuwa mgeni naye sasa anaweza kupanda juu akaona.

Ya pili ni kubwa zaidi. Watu weusi wamejaa tele katika filamu hii, lakini wanaonekana wakibeba, wakivuta, wakikimbia na kufa. Hatumwoni hata mmoja akiwa mtu wa nyumbani kwake, mwenye mke na deni na shamba la mpunga, aliyekaa juu ya dungu lake akifukuza ndege huku akijiuliza vita hivi vya watu wa mbali vimemfuatia nini yeye. Anapokufa Mzungu, muziki unabadilika. Anapokufa mpagazi, kamera inaendelea na safari yake.

Ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike. O'Flynn ana msaidizi, mtu wa karibu kuliko wote, aliye naye tangu Zanzibar mpaka ndani ya delta. Huyo ndiye Muislamu wa pwani ambaye filamu imempa nafasi ya kudumu. Jina lake ni Mohammed, naye ni bubu. Aidha, aliyemwigiza si mtu wa pwani wala Mwafrika. Ni Mwingereza Ian Holm, aliyepakwa rangi usoni.

Hebu tulipime jambo hilo polepole. Holm alikuwa mwigizaji hodari, na hata humu, bila neno, macho yake yanasema mengi. Wala ububu si aibu. Ni mtihani wa Mwenyezi Mungu kwa amtakaye, na Uislamu umetufunza kuwaheshimu wenye ulemavu. Tatizo haliko katika ububu, bali katika mgawanyo. Katika filamu nzima kuhusu delta, mtu mmoja tu wa pwani amepewa nafasi ya kudumu, na huyo mmoja amenyimwa ulimi. Amepewa jina tukufu kuliko majina yote tunayowapa watoto wetu, kisha akafanywa mtumishi wa mlevi, akichekesha kwa ishara za mikono. Angekuwa na ulimi, yangempasa kusema. Angesema kwa lugha gani? Angeapa kwa nani? Angemwambia nini bwana wake siku ya kuiba pembe? Kumfanya bubu kumewaondolea waandishi taabu ya kumjua. Wahenga wa pwani walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Filamu hii imetuonesha namna ya pili ya kutokuwapo: mtu yupo, na lake halipo.

Wale waliowahi kukaa kwenye vibanda vya video wanajua dawa ambayo watu wetu waliibuni wenyewe kwa maradhi haya. Watafsiri wa filamu, ambao hapa Tanzania Lufufu alikuwa miongoni mwa waanzilishi wao, walikuwa wakisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu ya kigeni, wakieleza, wakitania, wakiongeza maneno yao. Wengi waliwaona wapotoshaji, na kweli wakati mwingine walipotosha. Lakini lau filamu hii ingepita kwa mtafsiri wa aina hiyo, tunaamini Mohammed asingebaki bubu hata dakika tano. Angepewa maneno, na huenda mengi ya hayo yangekuwa ya kweli kuliko yaliyomo ndani ya filamu.

Msomaji atauliza: je, si ndivyo zilivyokuwa filamu zote za Wazungu kuhusu Afrika? Karibu zote, ndiyo. The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston na kupigwa picha Uganda na Kongo, nayo ina meli ya Kijerumani na vita hivyo hivyo. Meli iliyokichochea kisa chake ni Götzen ya Ziwa Tanganyika, ile ile iliyozamishwa mwaka 1916, ikaopolewa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba na kuwahudumia watu wa Kigoma na mwambao wake kwa miongo mingi. Filamu hiyo tunaipenda kwa mazungumzo ya wahusika wake wawili, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Ni mazungumzo ya watu wazima, yenye ucheshi na staha kiasi. Lakini humo pia wanakijiji wanaonekana mwanzoni wakiimba kanisani wasichokielewa, kisha kijiji kinachomwa, na hatuwasikii tena mpaka mwisho. Ule ulikuwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Kufikia 1976 Tanzania Bara ilikuwa na uhuru wa miaka 15. Udhuru wa zama, kama ulikuwapo, ulikwisha.

Na kwamba udhuru ulikwisha, shahidi ni filamu ya pili ya mwaka ule ule. The Message, ambayo Waarabu huiita Ar-Risalah, iliongozwa na Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab, Syria, aliyeishi Marekani. Inasimulia kuja kwa Uislamu tangu Makka hadi kufunguliwa kwake. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wameiona, aghalabu zaidi ya mara moja, nyumbani au madrasa. Mtume Muhammad (SAW) haonekani wala sauti yake haisikiki. Mara nyingine kamera inasimama mahali pake na watu wanazungumza kwa kuielekea. Makhalifa wanne nao hawaigizwi.

Hata hivyo haikukosa mitihani. Al-Azhar iliiondolea idhini iliyoitoa awali. Morocco ilimtaka Akkad aondoke kazi ikiwa njiani, akaenda kuimalizia Libya. Mwaka 1977, huko Washington, watu wenye silaha walioteka majengo na watu walitaka, miongoni mwa mengine, filamu hiyo isioneshwe. Akkad mwenyewe aliuawa mwaka 2005 katika mashambulizi ya mabomu kwenye hoteli za Amman, Jordan, yeye na binti yake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tunaipendea nini? Wengi watajibu: kwa Hamza, kwa Badr, kwa muziki wa Maurice Jarre. Sisi tunaipendea watu wawili weusi wenye sauti.

Wa kwanza ni Bilal bin Rabah (RA). Katika toleo la Kiingereza ameigizwa na Johnny Sekka, Mwafrika wa Gambia na Senegal. Tunamwona akiwa mtumwa, tunamwona akiadhibiwa juani kwa sababu ya kauli yake ya tauhidi. Hapo mwenye nguvu anataka jambo moja tu kutoka kwake, nalo ni ulimi wake: aseme anachoambiwa. Anakataa. Baadaye ulimi huo huo ndio unaochaguliwa kuwaita watu kwenye swala, na Makka inapofunguliwa, Bilal anapanda juu ya Al-Kaaba na kuadhini huku mji mzima uliomnunua na kumuuza ukimsikiliza kutoka chini. Tumeiona sehemu hiyo pamoja na watoto mara nyingi, na kila mara kelele za ukumbini hukoma zenyewe.

Wa pili ni Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyeigizwa na Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda. Waislamu wanyonge wamekimbilia kwake, Makureshi wamemfuata wakitaka warudishwe. Mfalme anaweza kuwauza kwa zawadi. Badala yake anasikiliza pande zote mbili. Anamsikiliza Jaafar (RA) akisoma habari za Maryam, kisha anachora kwa fimbo mstari mwembamba ardhini kuonesha jinsi tofauti ilivyo ndogo kati ya alichokisikia na anachokiamini. Hapa Mwafrika hakuletwa kubeba mzigo wa mtu. Ameletwa kuwa hakimu.

Weka sasa filamu hizo mbili bega kwa bega. Mwaka ni mmoja, biashara ni ile ile, na watazamaji ni wale wale wa Ulaya na Marekani. Katika moja, Muislamu wa Afrika ni bubu. Katika nyingine, Muislamu mwenye asili ya Afrika ndiye sauti ya umma mzima. Tofauti hiyo haikuletwa na fedha wala ufundi. Imeletwa na kumjua na kumheshimu mtu unayemsimulia.

Mwenye kutupinga atasema: mbona Hamza (RA) naye ameigizwa na Anthony Quinn, ambaye hakuwa Mwarabu wala Muislamu? Kwa nini Quinn asamehewe na Holm alaumiwe? Ni hoja nzuri, na tuna majibu mawili. Kwanza, Akkad hakuridhika na Quinn peke yake; alitengeneza filamu mara mbili, toleo la Kiingereza na toleo la Kiarabu lenye waigizaji wake Waarabu, ambamo Hamza ni Abdullah Gaith. Wenye kisa walipewa kisa chao kwa ulimi wao. Pili, Hamza wa Quinn ana heshima, hoja na maneno. Aliyeivaa nafasi hiyo ni mgeni, lakini nafasi yenyewe haikupunguzwa. Mohammed wa delta amepunguzwa kabla hata mwigizaji hajatafutwa.

Wala The Message haikosi dosari. Vita vyake ni virefu, na tuliona watoto wakisinzia kwenye hotuba na kuamka kwenye panga, jambo lisilofurahisha. Na Wahshi, mtumwa Mhabeshi aliyemuua Hamza kwa kuahidiwa uhuru, anakumbukwa zaidi kwa mkuki wake kuliko kwa maneno yake, ilhali habari ya kusilimu kwake baadaye ni katika visa vikubwa vya toba. Tungependa naye apewe ulimi.

Na sisi wenyewe, tunapozishika kamera, tunafanyaje? Hapa haturuhusiwi kunyamaza. Filamu zetu za Kiswahili tunazipenda kwa lugha, kwa nyuso, kwa jikoni tunazozitambua. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, majonzi yalifika hata vijijini kusikokuwa na ukumbi wa sinema. Lakini mara ngapi tumetazama filamu ya nyumbani na kumkuta mganga wa ramli amevishwa kanzu na kofia, tasbihi mkononi, akinong'ona maneno yanayofanana na aya? Mara ngapi mtu wa pwani ameletwa ili awe mvivu, mshirikina, mwenye lafudhi ya kuchekesha? Huyo ana ulimi, lakini si wake. Surat Al-Hujurat inatukataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora. Katazo hilo halikumvua mtengeneza filamu, awe mgeni au mwenyeji.

Ziko zilizotupa matumaini. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, imewapa Wazanzibari wa miaka ya 1950 Kiswahili chao, hasira yao na uzuri wa mji wao. Tunaisifu kwa hilo, ingawa tunawaonya wazazi kwamba ina mambo ya mapenzi yasiyofaa kutazamwa na watoto, na kwamba waliosoma kitabu wataona wahusika wengi wamepungua unene.

Ya kutazamwa na familia, tunaitaja Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya, iliyotoka mwaka 2018. Msichana Jo, mwenye umri wa miaka tisa, ana maradhi yasiyopona, na ndoto yake ni kuwa shujaa wa filamu. Kijiji kizima kinakubaliana kumtengenezea filamu hiyo, kwa vifaa duni na mapenzi makubwa. Wazazi wawe tayari: watoto watalia, na watauliza kuhusu mauti. Ni vema waulize wakiwa nyumbani, na wajibiwe na wazazi wao.

Supa Modo inatufikisha kwenye jambo la kufanya. Delta yetu hupigwa picha inapokumbwa na msiba. Mwaka 2017 jina la Kibiti lilijulikana nchi nzima kwa mauaji; mwezi Aprili 2024 kamera zilikuja kwa sababu ya mafuriko. Maji yakipungua, kamera huondoka. Hatujaona filamu ya mtu anayesoma maji kwa rangi yake, ya wakata boriti ambao miti yao iliezeka nyumba za Uarabuni, ya mama anayelinda mpunga juu ya dungu usiku kucha, ya madrasa ambako watoto hufika kwa mtumbwi. Wala hatujaona Manowari ya Bomba Tatu ikisimuliwa na wajukuu wa walioivuta mizinga yake.

Waliosikia habari hizo kutoka kwa waliokuwapo wamebaki wachache, na kila mwaka tunawazika. Simu wanazotumia vijana wetu kutazamia filamu za watu zina kamera. Mzazi anayetaka kumwepusha mtoto na filamu mbaya ampe kazi njema: akae na babu yake alasiri moja, amwombe ruhusa, amrekodi, asimkatize. Amuulize majina ya vijito na sababu za majina hayo. Amuulize alichoambiwa na baba yake kuhusu vita vya Wajerumani na Waingereza. Faili ihifadhiwe mahali pawili, kwani simu huanguka majini. Si lazima iwe filamu leo; yatosha kwamba ulimi umehifadhiwa. Siku atakapotokea mtengeneza filamu, wa kwetu au wa mbali, asipate kisingizio kwamba watu wa delta hawakuwa na la kusema.

Na kwa usiku wa kawaida, filamu inapowashwa, tunapendekeza wazazi waongeze swali moja juu ya yale ya mavazi na matusi. Filamu ikimalizika, mwulize mtoto: ni nani katika kisa hiki aliyekuwapo muda wote lakini hukumsikia? Watoto wa miaka minane huweza kulijibu, na wakishalizoea hawadanganyiki kwa urahisi.

Wabillahi tawfiq.